Orodha ya Kliniki ya Alhamisi

Miaka kumi na tisa Paskazia Lugembe hakuanguka. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alijifunga kitenge, akachukua kikapu kama mtu aendaye sokoni, akapita njia ya nyuma ya reli mpaka hospitali, akaketi benchi la mwisho kabisa pamoja na wenzake, kila mmoja akitazama ukuta wake. Akiitwa, anaingia, anaulizwa kama ameanguka, anajibu hapana, anaandikiwa vidonge vya mwezi mzima, anavificha chini ya nyanya, anarudi zake mtaani kwake Isevya. Ukimkuta njiani ukamwuliza atokako, atakwambia nyanya za leo zimeoza.

Hakuzaliwa na hila hiyo, alifundishwa. Kwao ni Kwihara, kando ya njia ile ya kale waliyopita wapagazi na meno ya tembo mabegani. Alipokuwa na miaka minane alianguka kwenye matuta ya viazi, akatokwa na povu, na tangu siku hiyo sahani yake ikawekwa peke yake. Hakuna aliyemtukana. Watoto waliambiwa tu wasikae upande ule upepo unakoelekea ukitoka kwake. Mganga wa kwanza alimchanja chale kichwani, wa pili akamfunika blanketi juu ya moshi mpaka akazirai. Shule aliiachia darasa la nne, siku alipoanguka mbele ya wenzake na mwalimu akawa wa kwanza kutoka mbio. Alikuwa na miaka ishirini na miwili wakati sista mmoja wa misheni alipomshika mkono akampeleka hospitali ya mjini, na huko akaambiwa jambo ambalo hakuwa amepata kuambiwa na mtu yeyote: kwamba kifafa ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, hakiambukizi, na kina dawa.

Akahamia mjini Tabora, mahali ambapo hakuna aliyeyajua matuta yale ya viazi. Akaolewa na Wilbroad, fundi wa reli. Yeye mwenyewe alimweleza mwanamume huyo yote kabla ya ndoa, na Wilbroad akasema, "Basi tutakunywa dawa." Alisema "tutakunywa" kana kwamba vidonge vilikuwa vya watu wawili. Wakapata mtoto mmoja, Mwanne. Paskazia alianguka mara ya mwisho Mwanne akiwa na miaka mitatu, na Wilbroad akafunga mlango, akamwekea kanga chini ya kichwa, akamwambia mtoto mama amelala. Mwanne alipofika miaka tisa baba yake alikufa kwa homa ya ini, akazikwa pamoja na siri ile.

Mjane huyo alijitegemea kwa asali. Aliipokea kwa ndoo kutoka kwa warina wa Sikonge, akaichuja kwa kitambaa cheupe, akaitia kwenye chupa. Watu wa mji walisema asali ya Mama Mwanne haina mchanga wala haina ujanja. Mzee Jivraj, mwenye duka la vyakula karibu na soko, aliiweka rafu ya mbele, na akina mama waliojifungua waliagizwa wanunue hiyo tu.

Mwanne akakua, akawa msusi katika saluni moja ya mjini, akaposwa na Renatus, kijana wa Goweko, wa ukoo wa wakulima wa tumbaku. Siku ya posa aliyekuja kuzungumza kwa niaba yao alikuwa baba mkubwa wa Renatus, Mzee Luhende, mtu wa maneno machache. Baada ya salamu na soda akauliza swali ambalo huulizwa kila posa, kwa sauti ileile ambayo watu huulizia hali ya mvua.

"Tusamehe, ni desturi tu. Ukoo huu una kifafa? Una ukoma? Una uchawi?"

"Hakuna," Paskazia alijibu.

Alikuwa ametoka kliniki Alhamisi ya juma lile.

*

Mambo yaliharibika mwezi Machi. Hospitali ilikuwa imeacha mafaili ya makaratasi, ikaweka kila kitu kwenye kompyuta, na mtu mmoja, ambaye mpaka leo hajajulikana, akaifungua orodha ya kliniki ya Alhamisi, akainakili, akaitupa kwenye kundi la simu la mtaa. Majina sitini na moja. Jina, umri, mtaa, namba ya simu na ugonjwa. Kufikia saa nne asubuhi ilikuwa imefika saluni. Mteja aliyekuwa akisukwa alimwinulia Mwanne simu juu ya bega.

"Hebu tazama. Huyu wa kumi na nne si mama yako?"

Mwanne alikwenda nyumbani kwa miguu, na kitana bado kimechomekwa kwenye nywele zake. Alisimama mlangoni, hakuingia. Paskazia alikuwa akichuja, asali imemfika viwiko.

"Mama, unaumwa nini?"

"Mimi? Nani kakwambia naumwa?"

Mwanne akamsogezea simu. Paskazia hakuwa mwepesi wa kusoma, lakini jina lake alilitambua, na neno lililokuwa mwisho wa mstari alilitambua upesi zaidi.

"Ni uongo?" Mwanne aliuliza, na kwa sauti yake ilikuwa wazi anaomba aambiwe ndiyo.

Paskazia akaosha mikono. Akaosha muda mrefu kuliko asali inavyotaka.

"Si uongo."

"Baba alijua?"

"Alijua."

"Baba alijua. Manesi wanajua. Sasa Isevya yote inajua. Miaka ishirini na miwili nalala chumba kimoja na wewe, mimi ndiye nimeambiwa na mteja." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na mimi je? Ninacho?"

"Huna, mwanangu. Hujaanguka hata siku moja."

"Wewe kabla ya kuanguka ulijua unacho?"

Hakujua.

Juma lile simu ya Paskazia haikutulia. Waganga wanne walimpigia, kila mmoja na mizizi yake, na mtu mmoja aliyejiita mtume akamwambia pepo lake lina jina la kiume. Vijana wakampigia wakakoroma, wakacheka, wakakata. Asubuhi moja alikuta chupa ya asali kizingitini, imefungwa gazeti, imetumika nusu. Aliyeirudisha hakubisha hodi wala hakudai kitu. Baada ya siku mbili zilikuwa chupa tano. Paskazia aliziingiza ndani moja moja, akazipanga chini ya kitanda, kwa sababu hakujua asali iliyorudishwa hutupwa wapi.

Kwa Mzee Jivraj alizikuta chupa zake zimehamishwa nyuma, kwenye rafu ya sabuni na viwashio vya mkaa.

"Dada Paskazia," alisema yule mzee, macho yake kwenye mizani, "mimi mwenyewe nakula asali yako, hata asubuhi ya leo. Najua haiambukizi. Lakini mteja akishika chupa akairudisha, mwingine anaona. Wa pili anamwiga wa kwanza."

"Nimekuelewa, Mzee."

"Hapana, ngoja." Akatoa kikaratasi, akaandika. "Binti ya ndugu yangu ni wakili. Heena. Ofisi yake juu ya duka la vitambaa, ngazi ya pembeni. Mwambie nimekutuma mimi. Jambo hili lina sheria yake."

Kabla hajazipanda ngazi hizo, Mzee Luhende alikuja kutoka Goweko na wazee wawili. Walikaa, wakaulizia mvua, wakaulizia afya. Kisha Mzee Luhende akasema vijana wamekosa maelewano, na wazazi hawana budi kuheshimu. Mwanne alikuwa nyuma ya pazia, anasikia. Yeye na Renatus hawakuwa wamekosana hata siku moja. Paskazia akasema atarudisha mbuzi wawili walioletwa na barua ya posa. Wale wazee wakatazamana.

"Hapana, mama," mmoja akasema upesi. "Mbuzi wabaki tu."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko kuvunjika kwenyewe: kwamba hata mbuzi waliokunywa maji ya uani kwake walikuwa wameshaharibika.

*

Heena alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani na sauti ya kuharakisha, lakini alipoanza kusikiliza aliweka kalamu chini. Paskazia alimweleza yote, hata lile "hakuna" la siku ya posa. Alipomaliza, Heena akasema:

"Mama, hospitali ikichukua jina lako na ugonjwa wako, sheria inaidai ivilinde. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuna Tume yake Dodoma. Tukipeleka malalamiko, wanachunguza. Wana siku tisini, na wanaweza kuongeza. Wakiona hospitali imekosea, wanaweza kuamuru ikulipe fidia."

"Na mahakama?"

"Mahakama ipo pia, kudai fidia ya madhara. Polisi wapo, kama tungemjua aliyesambaza. Lakini tuanze kwa kuiandikia hospitali, tusikie watasema nini."

"Katika hizo, ipi haitaji jina langu?"

Heena alivua miwani, akaifuta.

"Hakuna. Mahakama tunaweza kuiomba itumie herufi badala ya jina, na isikilize faraghani. Lakini karani atakujua, wakili wao atakujua. Na Tabora unaijua."

"Kwa hiyo ili waache kusema, sharti kwanza niseme mimi."

"Ndiyo, Mama. Sitakudanganya."

Akamweleza na ugumu mwingine. Hospitali itauliza amepoteza nini, na wateja wa asali wanaweza kusemwa waliacha kwa sababu mia. Lakini posa ina siku yake na ina watu wake. "Nipatie mtu mmoja wa upande ule aape kwamba waliondoka kwa sababu ya orodha. Mmoja tu. Na wale wenzako sitini, hata wakija kumi, tutasimama vizuri zaidi. Mtu mmoja wanaweza kumchosha."

Paskazia akaweka saini yake ya taratibu, herufi moja moja, chini ya barua ya kwanza. Hospitali ilijibu baada ya mwezi kwa karatasi moja: imeshambuliwa na wahalifu wa mtandao, inasikitika, inawaomba wagonjwa wawe watulivu.

Mtulivu Paskazia hakuwa. Alimwambia Heena apeleke malalamiko kwenye Tume. Akaanza kuwatafuta wenzake. Wa kwanza alikuwa Sixbert, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kwa miaka saba walikaa benchi moja bila kuulizana majina. Orodha ndiyo iliyompa jina lake, na mtaa wake, Ipuli. Alimkuta uani anabandika kiraka kwenye mpira wa baiskeli, mkewe anachambua mchicha.

"Karibu, mama," Sixbert alisema. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyemjua kabisa. "Tukusaidie nini?"

"Mwalimu, nimekuja kwa habari ya Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

Mkewe aliinua macho. Paskazia akaona jinsi mikono ya mwalimu ilivyoganda juu ya mpira ule, akasema kwa haraka kwamba labda amepotea nyumba, anamtafuta Sixbert mwingine. Mke akampa maji, naye akayanywa. Sixbert akajitolea kumsindikiza mpaka barabarani, na walipofika kwenye ua wa minyaa alisimama.

"Mama, nisamehe. Nimemwambia mke wangu ni majina yamefanana. Ameamua kuniamini."

"Mwalimu, wakili anasema tukiwa wengi..."

"Ameamua kuniamini," alirudia, na machozi yalikuwa yamemlenga. "Usije tena hapa. Nakusihi."

Alikwenda nyumba tisa. Katika nyingine aliambiwa mhusika amehama, katika nyingine mlango haukufunguliwa ingawa redio ilikuwa inasikika ndani. Bibi mmoja wa Cheyo alikubali, akabonyeza dole gumba kwenye karatasi huku akicheka, akisema yeye ni mzee, hana tena wa kumwoa. Kesho yake mwanawe alipanda ngazi za Heena akaomba karatasi ile ichanwe.

Ikabaki Goweko. Alipanda treni asubuhi, akashuka, akatembea mpaka kwa Mzee Luhende, akamkuta kwenye bani lake, kibanda cha kukaushia tumbaku, moto umewashwa, majani ya tumbaku yamening'inia ndani, moshi unatoka pembeni ya paa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Mwanne. Karibu kiti."

Akaletewa maji katika kikombe cha bati. Akanywa, akakiweka chini. Kikombe kile kilikaa palepale muda wote wa mazungumzo. Binti wa nyumba ile alipita mara tatu, na mara zote tatu alikizunguka.

"Sikuja kulaumu," Paskazia alianza. "Nimekuja kuomba neno moja. Andika tu kwamba mlivunja posa kwa sababu ya ile orodha. Si kukushitaki wewe. Ni hospitali."

"Sisi tulisema vijana wamekosa maelewano."

"Mzee, hapa tupo mimi na wewe."

Luhende alichochea moto kidogo, akaupa mgongo.

"Mama Mwanne, mimi nilikuuliza. Mbele ya wazee nilikuuliza. Ukasema nini?"

"Nilisema hakuna."

"Sasa nikiapa kwamba tuliondoka kwa orodha, wataniuliza kama orodha ilisema kweli. Nitasema kweli. Wataniuliza kama mama wa binti alitwambia. Nitasema alitukatalia. Mtu akisikiliza hapo, mkosaji ni hospitali au ni nani?"

Upepo uligeuka, moshi ukawajia wote wawili. Paskazia akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Na kama ningekwambia kweli siku ile," alisema, "ungemchukua mwanangu?"

Mzee Luhende alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, hakutaka kusema uongo. Alifikiri.

"Hapana," alisema.

*

Aliporudi, alimkuta Mwanne amefunga begi.

"Nimepata saluni Kahama," Mwanne alisema. "Kuna mtu ananifahamu huko."

"Nakwenda Dodoma mwezi ujao, Mwanne. Tume wameniita. Baada ya hapo..."

"Baada ya hapo nini, Mama? Umekwenda Ipuli, umekwenda Cheyo, umekwenda mpaka Goweko. Kila unapopita orodha inasomwa upya. Walikuwa wameanza kusahau. Wewe ndiye unayewakumbusha."

"Hawakuwa wameanza kusahau."

"Basi mimi nilikuwa nimeanza," Mwanne alisema, na akaondoka na begi lake kabla ya jua kuwa kali.

Paskazia alikwenda Dodoma peke yake. Treni iliposimama Kigwa alinunua mahindi ya kuchemsha, na iliposimama Goweko alishusha kitambaa cha kichwa mpaka machoni, akatazama sakafu mpaka ikaondoka. Heena alikuwa ametangulia kwa basi. Chumba cha kusikilizia kilikuwa cha kawaida, meza ndefu, viti vya plastiki, maji ya chupa. Wakili wa hospitali alizungumza habari za wahalifu wa nchi za nje na teknolojia ya hali ya juu. Kisha mchunguzi wa Tume akasoma alichokikuta: kompyuta ya chumba cha kumbukumbu ilikuwa na nywila moja kwa wafanyakazi wote, na nywila hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kwa selotepu chini ya kioo, mahali ambapo hata mfagizi angeiona. Nani aliitumia siku ile, hakuna njia ya kumjua.

Akaambiwa aeleze alivyoathirika. Alikuwa amejiandaa safari nzima, lakini maneno yalimkimbia, akasema machache tu: chupa, mbuzi, na binti yake. Mmoja wa waliokuwa mezani akamsogezea glasi ya maji, akaichukua ile glasi mwenyewe ilipokwisha, akaijaza tena. Paskazia aliutazama mkono ule wa mtu asiyemjua ukishika mahali midomo yake ilipogusa, na hapo ndipo alipolia.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi mitano. Heena alimpigia simu.

"Tumeshinda, Mama. Tume imesema hospitali ilizembea. Imeamriwa irekebishe mfumo wake, iwaarifu wagonjwa wote kwa maandishi, na ikulipe fidia."

Paskazia akangoja, kwa kuwa alisikia bado kuna neno.

"Ila wamekata rufaa Mahakama Kuu. Mpaka isikilizwe, hakuna kitakacholipwa. Inaweza kuchukua mwaka. Inaweza kuzidi."

"Na wale waliosoma, wameamriwa nini?"

"Akina nani, Mama?"

"Watu. Waliosoma."

Heena alishusha pumzi. "Kwa hao hakuna amri," alisema.

Ile barua ya kuwaarifu wagonjwa hospitali iliituma bila kungoja rufaa. Ilisema taarifa zako za kitabibu huenda zimewafikia watu wasiohusika. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyepewa bahasha za Isevya azigawe, na watu wote waliojua kuhesabu walijua bahasha zenye nembo ya hospitali zinaingia nyumba zipi.

*

Alhamisi alikuwa ameshaiacha zamani. Tangu Machi hakulikanyaga benchi lile tena. Vidonge vilipokaribia kwisha alipanda basi mpaka Nzega, kilomita nyingi kutoka kwa anayemjua, na karani wa mapokezi alipomwuliza jina, ulimi wake ukasema, "Sayi Masele." Sayi alikuwa dada yake, aliyekufa mtoto; Masele lilimjia tu. Akaulizwa kama amewahi kutibiwa kokote, akasema hapana. Akaulizwa ameanza kuanguka lini, akasema mwaka huu. Daktari, kijana mwenye upole, alimwandikia kama anavyoandikiwa mtu anayeanza: dozi ndogo, tuone kwanza, rudi baada ya mwezi. Paskazia aliijua dozi yake. Alikuwa akiinywa tangu daktari yule hajazaliwa. Lakini Sayi Masele hakuwa anaijua, basi akanyamaza, akapokea, akashukuru.

Alianguka safari ya tatu, pale stendi ya Nzega, mchana kweupe, karibu na wauza karanga. Alipofungua macho ulimi ulikuwa unauma na kiatu kimoja hakipo. Watu walikuwa wamefanya duara pana, pana sana, na upande wa upepo palikuwa wazi hakuna mtu. Mwanamke mmoja alikuwa amemtupia kanga kutoka mbali. Mwingine alikuwa amesoma kadi ya hospitali iliyotoka kwenye pochi yake.

"Sayi!" walikuwa wakiita. "Sayi, unatusikia?"

Akageuza kichwa kumtafuta anayeitwa.

Miaka kumi na tisa ilikuwa imekwisha, na hakumwambia mtu. Hakumwambia Heena, kwa maana Heena angetaka kuiandika, na kuiandika kungeleta kadi ile yenye jina la marehemu mbele ya wakili wa hospitali. Alirudi Isevya akiwa ameketi kiti cha dirishani, begi la nguo mapajani, kama abiria mwingine yeyote. Asali hakuagiza tena. Alianza kuogopa jiko la moto alilokuwa akiyeyushia nta inayobaki kwenye kitambaa, na haikuwa hofu ya bure.

Mwanne hakuwa na kawaida ya kupiga simu. Jumapili moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, alipiga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kahama kukoje?"

"Sijambo." Nyuma yake palisikika mashine ya kukaushia nywele, kisha ikazimwa. "Mama, ikianza, inaanzaje?"

Paskazia aliketi kitandani, juu ya chupa zile zilizorudishwa.

"Nini inaanzaje?"

"Unajua ninachouliza."

"Kwangu huanza na harufu. Kama kitu kinaungua, na hakuna kinachoungua. Kwa nini?"

"Juzi nilikuwa namsuka mtu. Nikaona giza. Kidogo tu. Kitana kikaanguka. Mteja akasema niliacha kumjibu, ananiita nipo namtazama tu."

"Labda ni njaa," Paskazia alisema. "Labda hukula." Alijisikia anavyosema, akaacha. "Nenda hospitali, Mwanne. Ni ugonjwa wenye dawa. Mimi miaka kumi na tisa..."

"Nilikwenda."

"Wakasemaje?"

"Nilifika mapokezi. Yule dada akavuta kompyuta, akaniuliza jina. Nikamtajia la kwanza. Akauliza la pili, na namba ya simu, na mtaa. Akauliza unasumbuliwa na nini. Nyuma yangu kuna foleni. Nikamwambia nimesahau kitu nje. Nikatoka."

"Rudi, mwanangu. Kesho asubuhi rudi. Wakuandikishe, wakutazame."

"Jina gani?"

"Jina lako."

"Wewe ungerudi?" Mwanne aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtoto anayetaka kujua. "Mama? Wewe sasa hivi unatibiwa wapi?"

Nje mvua ilikuwa inapiga mabati. Paskazia alikuwa na simu sikioni, na mkono wake mwingine ulikuwa juu ya pochi, mahali ilipokuwa kadi ya Sayi.

"Mama, upo?"

"Nipo," alisema.